Mgongo Aliouacha Halima

Hodan alifika kutoka Norwei mwezi wa Julai, wakati ambapo sisi watu wa Garissa tunajifunika shuka asubuhi na kudai kwamba baridi itatuua, naye akaingia uani kwangu amelowa jasho kama mtu aliyevuka Tana kwa miguu. Ilikuwa miaka mingi hajaja nyumbani. Nilikuwa nimemchinjia mbuzi, nimeagiza maziwa ya ngamia kwa mwanamke ninayemwamini kuwa haongezi maji, na nimekifukiza uunsi chumba chake mpaka mapazia yakawa karibu kukohoa. Alikula, akashukuru, akamiminiwa chai, kisha akaniuliza, kijiko bado mkononi, "Habaryar, ile sweta ya mama bado iko?" Habaryar ni mama mdogo, dada ya mama. Ndivyo anavyoniita tangu akiwa na miaka mitatu, ingawa ni mimi niliyemtoa chawa, nikamsindikiza shule, nikasimama mlangoni siku anaolewa nikijifanya moshi wa jikoni umeniingia machoni. Mama anayemsema ni dada yangu mkubwa, marehemu Halima. Nilimjibu kwamba iko. Nilikuwa nimetamani sana kusema imeliwa na panya.

Mimi sasa ni bibi wa watu, na magoti yangu hutabiri mvua vizuri kuliko redio. Hata hivyo, kwa swali lile moja nikasikia kile kitu changu cha zamani kikinipanda kifuani. Kumwonea wivu mtu aliye hai kuna nafuu yake. Ananenepa, anazeeka, siku moja anaunguza wali mbele ya wageni na wewe unalala vizuri. Marehemu haunguzi kitu. Halima alibaki na umri wake, na meno yake yote, na ile sauti ambayo kila mtu anasema ilikuwa kama maji ya mtungini, wakati mimi niliyebaki nilikuwa na kazi ya kuishi kila siku na kukosea kila siku. Nikaenda kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, nikatoa majani makavu ya mwarobaini, nikatoa kile kitu. Mgongo wa sweta, rangi ya kahawia, umekamilika. Mwanzo wa kifua, bado kwenye sindano. Na mabonge ya sufu yaliyonuka dawa na miaka. Hodan akaushika ule mgongo, akauweka shavuni. Mwanzo wa kifua hakuugusa, na huo ndio uliokuwa kazi yangu mimi. Nikamwambia kabla hajarudi Norwei nitakuwa nimeimaliza. Nilisema kwa hasira, lakini yeye akasikia ukarimu, akanibusu mkono.

Mwaka ule nilipoletwa katika nyumba hii nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa alama ambazo hazikumsumbua mtu yeyote, wala mimi. Kwetu mke akifa, na dada yake hajaolewa, wazee wanaweza kumpa mume yuleyule dada mtu, ili mtoto asilelewe na mgeni. Desturi hiyo tunaiita higsiisan. Halima alikuwa amefuatana na mumewe Yusuf, karani wa ofisi ya mifugo, mpaka Kinangop kule juu, na kule akapata kichomi, akarudishwa Garissa kifua kikipiga filimbi, akafa kabla mvua haijaanza. Mimi nikapewa nafasi. Nasema nafasi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kitanda kilikuwa chake, kwa upande wa ukutani kikiwa kimeshuka kwa umbo lake. Pazia la waridi alilishona yeye. Kifukizo cha udongo kilikuwa na ufa alioupaka masizi kwa kidole, na alama ya kidole hicho ilikuwa bado ipo. Hata msumari wa kutundikia mtandio ulipigwa kwa urefu wake, nami ni mfupi, kwa hiyo kila nikivua mtandio ilinibidi niruke kidogo, na kila niliporuka nilimkumbuka.

Asubuhi kulikuwa na mtihani wa anjera, chapati zetu laini zenye vitundu. Mama yake Yusuf, ambaye sote tulimwita Ayeyo kwa kuwa alikuwa bibi wa Hodan, aliketi kwenye kigoda chake akilielekea jiko la mkaa kama hakimu. Nilimimina unga uliolala, nikauzungusha kwa kijiko, nikafunika, nikafunua. Alichukua ya kwanza, akaipaka samli na sukari, akaitafuna kwa heshima zote, kisha akamwambia mjukuu wake, si mimi, kwamba anjera za mamake zilikuwa na macho mengi, unaziangalia nazo zinakuangalia. Zangu, kwa hesabu yake, zilikuwa vipofu. Jirani walipokuja mchana kunywa chai ya tangawizi na kula nyirinyiri, nyama iliyokaushwa na kuhifadhiwa kwa samli, nikiwa nyuma ya ukuta wa mabati wa jikoni nilisikia hukumu nyingine. Mmoja alisema mimi ni mtoto mzuri, ila sijachangamka. Mwingine akasema Halima angeingia tu chumbani, hata kama umefiwa ungetamani kula. Ayeyo akajibu kwamba Mungu ndiye mgawaji. Sijawahi kusikia jina la Mungu likitumika kunipunguzia alama namna ile.

Nguo za Halima zilitolewa sadaka, kama inavyotakiwa. Walikuja wanawake wa bulla ya jirani, mtaa wa pili, wakagawana mitandio, magauni, ndara, mpaka mkoba uliokatika mkanda ukapata mtu. Mwishoni kikabaki kile kipande cha sufu. Bibi mmoja mwembamba alikiinua, akakitazama huku na huku, akauliza kwa utulivu kama kuna mtu mahali ambaye ni mgongo mtupu. Wote wakacheka mpaka wakaona haya, maana ilikuwa nyumba ya msiba. Hakuna aliyekitaka. Garissa hii, hata maskini ana kiasi chake. Basi mavazi yote ya Halima yakatoka mlangoni, na kitu kimoja tu, ambacho hakuna binadamu mwenye akili angekihitaji, nikabaki nacho mimi. Alianza kumfumia Yusuf kule Kinangop, Ayeyo akanieleza, na kwa namna alivyonieleza ungedhani alianza kumjengea msikiti.

Wazo lilinijia kwa njia isiyo ya kiungwana. Nilitaka kuimaliza, si kwa mapenzi, bali kwa sababu aliyemaliza ndiye mwenye kazi. Yusuf angeivaa, watu wangesema ni mimi, Zeinab, niliyemfumia, na Halima angebaki nyuma, mahali ambapo hata mvaaji mwenyewe haoni. Mpango huu nilikwenda nao kwa Mama Njoki, mke wa fundi wa barabara, mwenyeji wa milimani aliyekuwa akiishi upande wa pili wa ua wetu na kufuma kofia za watoto katika joto ambalo lingeivisha yai. Kiswahili chetu kilikuwa kinaumia sana tukiwa pamoja. Mimi nilimwambia nataka kujua kubima kifua, kwa kuwa p haikai kinywani mwetu, yeye akanirekebisha kwa herufi zake mwenyewe, na hakuna aliyetoka salama. Lakini kufuma alijua. Alinionyesha kupaka mikono poda ya mtoto ili jasho lisishike uzi na kuzitia sindano kutu, na akaniambia nifume mara baada ya sala ya alfajiri, kabla mabati hayajaanza kulia kwa jua. Nikaanza na vitanzi vilevile vya Halima, kwa sindano zilezile, uzi uleule. Nilipofika kiganja kimoja juu, Mama Njoki alivilaza vipande viwili kwenye mkeka, kimoja juu ya kingine. Changu kilikuwa chembamba kwa vidole vinne.

"Dada yako alikuwa na mkono mlegevu," alisema, akiivuta kazi yangu ambayo haikukubali kuvutika. "Wewe unafuma kama unamkaba mtu. Ni nani huyo?"

Nilimwambia ni uzi. Akacheka mpaka akashika ubavu, akaniambia nifumue. Nikafumua, nikaanza tena, nikajilazimisha kulegeza, na nikiwa nalegeza nikamkumbuka Halima akilegeza bila kulazimishwa, mkono ukakaza. Nilifumua mara nyingi mwaka ule kuliko nilivyofuma. Yusuf akipita kwenda kazini alitazama, akauliza inaendeleaje, nami nikajibu inaendelea, neno ambalo halikuwa uongo kwa kuwa inaweza kuendelea hata kurudi nyuma. Alikuwa mtu mpole, msafi, mwenye kula kimya. Alinitendea vizuri kiasi cha kunikasirisha. Ningependa mara moja anigombeze, kwa sababu nilisikia yeye na Halima walikuwa wakigombana mpaka jirani wanakuja na maji, na jioni yake wanaonekana wamekaa mlangoni wakila tende kutoka sahani moja. Kwangu hakukuwa na ugomvi, wala tende.

Siku moja, nikipima mstari kwa mstari nione Halima alipunguza wapi kwapani, niliona kosa. Katikati ya mgongo kulikuwa na kitundu kidogo, na kuanzia hapo upande mmoja ulikuwa na mistari miwili zaidi ya mwenzake, kwa hiyo kazi yote ilipanda mshazari kidogo, kama mtu anayeegemea mlango. Nilimkimbilia Mama Njoki. Alitazama mara moja tu, akasema aliacha kazi katikati ya mstari, akaitwa na kitu, aliporudi akaanza kufuma kuelekea alikotoka badala ya alikokuwa akienda. Wote hufanya hivyo, alisema, hasa wenye watoto. Sikusikia hiyo sehemu ya pili. Nilirudi uani nimebeba ule mgongo kama cheti. Halima, wa maji ya mtungini, wa anjera zenye macho, alikuwa amekosea, na ushahidi ulikuwa wa sufu, hauwezi kufa. Nilimwonyesha Ayeyo, nikaingiza kidole kwenye kitundu ili aone vizuri. Aliushika, akausogeza kwenye mwanga, akapapasa pale kwa kidole gumba kwa muda mrefu.

"Ah," akasema, machozi yakimlengalenga. "Hata pambo alitia."

Nilikwenda jikoni nikakaa. Nilitambua siku ile kwamba siwezi kushinda. Mtu ambaye makosa yake ni pambo, wewe ambaye mapambo yako ni makosa utamfanya nini? Hodan akanifuata, akapanda mapajani kwangu bila kuniuliza kama niko tayari, akaanza kuchezea mkufu wangu. Alikuwa na pua ya Halima. Hata hapo sikupumzika.

Kisha ikaja habari kwamba Yusuf anarudishwa milimani, ofisi ileile. Mchana ule nilikuwa nyuma ya ukuta wa mabati nikichambua mchele, wao wawili, mama na mwana, wakiwa barazani. Moyo wangu ulikuwa umetangulia. Sikuwa nimefika popote kupita Madogo, ng'ambo ya daraja, lakini nilikuwa nimeshajiona nikishuka kwenye baridi hiyo mashuhuri, nikiwa na mume na sweta, mahali ambapo hakuna jirani wa kunilinganisha. Ayeyo akasema mke humfuata mume, Halima alimfuata, basi na huyu afungashe. Nilimpenda Ayeyo kwa muda wa pumzi moja. Yusuf alikaa kimya kwanza. Halafu nikamsikia akisema kwa sauti ya mtu anayefunga mlango, "Halima alikuwa mtu wa safari, mama. Zeinab ni mtu wa nyumba. Mwache nyumbani."

Nilimaliza kuchambua mchele. Ulitoka safi kuliko siku zote, sikumbuki kama niliwahi kuchambua mchele safi namna ile. Kisha nikaenda chumbani, nikaacha sindano katika mstari zilipokuwa, nikazungushia kila kitu khanga kuukuu, nikatia mwarobaini na kufunga sanduku. Yusuf alipouliza sweta nilimwambia poda imekwisha. Akaenda bila sweta, akanunua koti la mtumba kulekule, akawa anakuja Idi mbili kila mwaka mpaka aliporudishwa kabisa. Nami nikawa mtu wa nyumba. Ikiwa hilo ndilo walilonipa, niliamua nitalifanya vizuri kuliko mtu yeyote Garissa. Nilizaa wengine wanne ndani ya vyumba hivihivi, nikapanda mkwaju, nikajifunza anjera mpaka Ayeyo mwenyewe, mwaka wake wa mwisho, akakiri kwamba zimeanza kuona kidogo. Watu hunitania kwamba tuktuk ikinisogeza mpaka soko la mifugo naomba visa. Nami hucheka nao. Hakuna aliyejua kwamba utani huo ulitungwa barazani, siku moja, na mume wangu.

Basi Julai hii nikafungua sanduku na kuvaa miwani. Sufu ya zamani ina tabia zake. Kuna mahali ilikatika nikiigusa tu, ikabidi nifunge mafundo na kuyaficha ndani. Lakini jambo lililonishangaza ni mkono. Baridi yabisi imenilegeza vidole, siwezi tena kumkaba mtu hata nikitaka, na kazi mpya ilitoka pana, laini, inalingana na mgongo wa Halima kitanzi kwa kitanzi. Kilichokuwa hakilingani ni kile kiganja changu cha chini, kigumu kama mkanda. Hodan aliniuliza kama nitakiacha. Nikakifumua chote. Sikuona vibaya kumfumua yule msichana niliyekuwa zamani. Alikuwa na hasira nyingi na uzi ulikuwa unahitajika. Kitundu cha Halima sikukigusa. Hodan alikuwa akikiwekea kidole kila alipoketi karibu yangu, na nilimwachia, ingawa sikumwangalia akifanya hivyo.

Nilishona mkono wa mwisho siku moja baada ya alasiri, tukiwa watatu kwenye mkeka barazani, mimi katikati, Yusuf kulia kwangu na redio yake na ndevu zake za hina, Hodan kushoto. Nikaikung'uta sweta, nikailaza mapajani mwa Hodan. Nilitaka kusema neno la kawaida, neno la mzaha, lakini lililotoka lilikuwa limekaa ndani muda mrefu kuliko sufu.

"Baba Hodan, umeona? Hata mtu wa nyumba amefika."

Akauliza amefika wapi. Nikamrudishia maneno yake, yote, na kimya chake cha kabla ya maneno. Nilimwambia mahali nilipokuwa nimeketi na mchele niliokuwa nao. Alinyoosha mkono akapunguza redio, akakosea, akaiongeza, kisha akaizima kabisa.

"Ulisikia," akasema. Si swali. Alikuna ndevu. "Mama alikuwa ameshaamua uende. Ningemwambia naogopa, angesema saa ya mtu kufa haina baridi wala joto, angekufungia mizigo. Nikatafuta neno ambalo hawezi kulijibu." Alitazama uani, mahali ambapo korongo mmoja alikuwa akitembea kwa madaha juu ya maganda ya tikiti. "Nilikuwa nimeshamzika mmoja kwa baridi ile, Zeinab. Wa pili nilitaka nimkute hapa nikirudi."

Sijui nieleze vipi furaha ya mzee. Haichezi, magoti hayaruhusu. Ilinijaa tu, mpaka shingoni, nikawa naogopa kupumua isije ikamwagika. Maisha yote nilidhani nimeachwa, kumbe nilikuwa nimefichwa. Nikageuka nimwone Hodan, nadhani nilitaka shahidi.

Alikuwa ameikunja sweta, mgongo juu. Hakututazama. "Kwa hivyo baridi ilimpata mama," alisema polepole, "na akili ilipokuja, ikamlinda habaryar."

  Na mimi nikauangalia uso ule, midomo imeingia ndani, macho yameshikilia kitu badala ya mtu, nikautambua mara moja, maana hakuna mtu katika mji huu aliyeuvaa miaka mingi kuliko mimi. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu ambacho Halima hakukipata, na kilikuwa kimenunuliwa kwa Halima. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia binti huyu, mengine ya dini na mengine ya busara, na yote yalikuwa maneno ya mshindi.

Nikashika magoti, nikainuka. Nilisema naenda kuangalia chai, ingawa birika lilikuwa mbele yetu na wote watatu tulikuwa tukiliona. Hodan akasogea, akakaa mahali pangu, ubavuni mwa babake. Kutoka mlangoni niliona ameivaa ile sweta katika joto lile, na Yusuf anamkunjia mikono iliyokuwa mirefu mno, upande mmoja, kisha wa pili. Nikaingia jikoni, nikaketi kwenye kigoda, sikuwasha moto. Nilisikia sauti zao zikianza, ya baba, ya mtoto, ya baba tena, na jina la Halima ndani yake mara nyingi. Nikangoja waniite.

Hawakuniita haraka.